Jiwe la Msingi, Jina la Kurithi

Kila mwaka Mwenge wa Uhuru unapopita Ruangwa na Nachingwea, kuna kuta zinazosubiri kuvuliwa kitambaa. Mwaka huu ukuta ni wa zahanati, mwaka ujao ni wa darasa, wa tangi la maji au wa ghala la korosho. Nyuma ya kitambaa liko jiwe la msingi: kibao cha marumaru chenye jina la mradi, tarehe, na jina la kiongozi wa mbio za Mwenge pamoja na cheo chake. Watoto wa shule wamepangwa kando ya barabara tangu asubuhi, matawi mikononi, na vumbi jekundu la kusini limekwisha kuwapaka miguu hadi magotini. Kamba inavutwa, kitambaa kinadondoka, makofi yanapigwa. Dakika chache baadaye msafara umeondoka kwa kasi kuwahi mradi mwingine, na jiwe limebaki na wenyeji. Ukilirudia baada ya miaka kumi utakuta mvua za masika zimekwisha kula rangi ya herufi. Waulize wanaopita hapo kila siku kwenda kisimani ni nani huyo aliyeandikwa, na wengi watakwambia alikuwa mgeni.

Asiyeandikwa ni yule aliyetoa ardhi. Ukoo uliolima pale kabla ya serikali ya kijiji haumo. Mzee aliyeonyesha mpaka, akasema hapa ni makaburi msipitishe mtaro, hayumo. Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wahenga. Lakini huyu yupo, anaishi nyumba ya tatu kutoka pale, na lake ndilo limekanyagwa na sherehe nzima.

Katika ratiba ya siku hiyo kuna jambo lililozoeleka mno hata halishangazi mtu: risala ya utii. Mwenge unapokabidhiwa, wananchi wa wilaya husomewa, kwa niaba yao, risala ya utii kwa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Karatasi inasomwa, inakunjwa, inapelekwa. Jamhuri iliyozaliwa kwa ahadi kwamba hakuna mtu atakayempigia mwenzake magoti imeona, mwaka baada ya mwaka, kwamba haiwezi kukaa bila kuombwa na kupewa utii. Hapo ndipo penye jambo zito. Binadamu anataka kumtii mtu. Anataka kujua sura yake, ukoo wake, mahali mama yake alikozikwa. Dola haina mama. Kwa hiyo inatengeneza siku: Saba Saba, Nane Nane, Tisa Desemba, 26 Aprili, 12 Januari. Inazipigia mizinga na paredi, na kwa siku hizo inajaribu kupata kile ambacho mtawala wa ukoo alikuwa nacho kwa kuzaliwa na kuzikwa mahali pamoja na watu wake.

Ichukuliwe hiyo Tisa Desemba. Shuleni husimuliwa kama siku moja, lakini imebeba matukio mawili. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru, na mwaka wote uliofuata mkuu wa nchi alikuwa Malkia Elizabeth II, Malkia wa Tanganyika kisheria, akiwakilishwa na Gavana Mkuu, Sir Richard Turnbull. Tarehe 9 Desemba 1962 ndipo nchi ikawa jamhuri na Julius Nyerere akaapishwa kuwa Rais. Taji la kwanza likaondoka hivyo, kwa heshima na bendi. La pili halikupigiwa bendi. Mwaka 1963 Bunge lilipitisha sheria ya kuifuta ile Sheria ya Machifu wa Kiafrika, na kutoka Uchaga hadi Unyanyembe, kutoka Uhehe hadi kusini kwetu, mamlaka zilizokuwa na umri mkubwa kuliko mpaka wowote wa ramani zikamalizwa kwa kalamu. La tatu lilikwenda kwa bunduki: Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963 ikiwa chini ya Sultani Jamshid bin Abdullah, na alfajiri ya 12 Januari 1964 Sultani akawa mkimbizi. Aliishi Uingereza zaidi ya nusu karne, akaruhusiwa kuhamia Oman mwaka 2020, akafia Muscat tarehe 30 Desemba 2024. Mataji matatu katika miezi 13. La kwanza lina sikukuu, la tatu lina sikukuu. Lile la katikati, lililogusa kaya nyingi kuliko yote, halina hata saa moja ya ukumbusho katika kalenda ya nchi.

Tena miezi hiyo hiyo haikuwa ya kuondoa mamlaka tu. Mwaka 1962 ilikuwa imekwisha kupitishwa Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyompa Rais uwezo wa kumfungia mtu bila kumfikisha mahakamani. Mwaka 1965 kikabaki chama kimoja. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zikavunjwa, na mwaka 1976 vyama vya ushirika vikafuata. Kila kilichosimama kati ya mkulima na Dar es Salaam kilipigwa chini kwa zamu. Machifu walikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Watu wa kusini hawakuwa na wafalme wa kupigiwa mizinga. Wamwera wa Ruangwa na Nachingwea, na majirani zao Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wangindo, walikuwa na wakuu wa koo na mamwenye, kila mmoja na bonde lake, na mara nyingi cheo kilipita kwa upande wa mama, kutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Wajerumani waliwawekea juu yao akida, mara nyingi mtu wa pwani asiyejua makaburi yao, na chini yake jumbe wa kukusanya kodi. Waingereza wakaja na utawala wa kupitia wenyeji mnamo 1926, wakahangaika kutafuta chifu mkubwa mahali ambapo hakuwahi kuwepo. Serikali hupenda mtu mmoja wa kuzungumza naye. Mamwenye walikuwa wengi, na huo wingi ndio uliokuwa ulinzi wa watu: aliyeonewa katika bonde hili alihamia bonde lile, na mkuu aliyebaki bila watu alibaki na jina tupu. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mkuu wa ukoo angeweza kuwa mkali, mchoyo, mwenye upendeleo, lakini alijua nani ana mgonjwa ndani na nani mtama wake umeliwa na nguruwe, na alijua kwamba atazikwa na hao hao anaowatoza.

Watu wa kusini wana pia namna yao ya kukumbuka, na hiyo ndiyo inayostahili kuwekwa karibu na lile jiwe la marumaru. Kwa Wayao na Wamakua, mkuu akifa jina halifi. Wazee hukaa, humteua mrithi, huketishwa mkekani, huvishwa, kisha huitwa kwa jina la marehemu, na kuanzia hapo yeye ndiye. Mtafiti Mjerumani Karl Weule alipopita kusini mwaka 1906 alimkuta Matola wa Chingulungulu na Nakaam wa Chiwata, na majina yote mawili yalikuwa yamekwisha kuvaliwa na mtu mwingine kabla yao. Hapo hakuna maadhimisho ya miaka 50 wala ya 60. Hakuna haja ya kumkumbuka mtu anayeketi mbele yako. Kaburi la wa kwanza linafagiliwa, unga unamwagwa chini ya mti, majina yanatajwa kwa mpangilio, na yule aliye hai anasimama mwishoni mwa orodha akijua kwamba siku moja atakuwa katikati yake. Ni historia isiyohitaji bajeti ya halmashauri, na haiwaombi wananchi michango.

Dola haijui kurithi jina. Inajua kuhesabu. Pale Nachingwea ushahidi upo ardhini. Mwaka 1947 serikali ya chama cha Labour ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga kulima mamilioni ya ekari za pori, na maeneo matatu ya Tanganyika yakachaguliwa: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wataalamu walichora mashamba kwenye ramani na kuyapa nambari. Vifaru vilivyotoka vitani viligeuzwa matrekta, minyororo mizito ikavutwa kati ya mashine mbili ili ing'oe miti, na mibuyu iliyokuwa mizinga ya nyuki na mahali pa matambiko ikaangushwa kwa siku moja baada ya kusimama karne kadhaa. Kwa ajili ya karanga hizo ilijengwa bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Mwezi Januari 1951 mpango ukafutwa, pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zikiwa zimepotea. Reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na baadaye vyuma vikang'olewa. Yeyote aliyelima ufuta au mtama Ruponda angeweza kuwaambia habari za udongo ule. Hakuulizwa. Mpango ulikuwa na waziri, John Strachey, ulikuwa na shirika na ulikuwa na takwimu. Mwenye bonde hakuwa na kiti katika chumba hicho.

Moja ya mashamba hayo ya nambari ndilo lililokuja kupata jina duniani. Farm 17, nje kidogo ya mji wa Nachingwea, ilikabidhiwa kwa FRELIMO katikati ya miaka ya 1960, ikawa kambi kuu ya mafunzo ya wapigania uhuru wa Msumbiji. Watu wa Nachingwea waliwapokea, walikula nao, waliwaoza binti zao, walizika nao. Mwezi Mei 1975 kiongozi wa FRELIMO, Samora Machel, aliondoka huko kuanza safari yake maarufu kutoka Ruvuma hadi Maputo, na tarehe 25 Juni bendera ya Msumbiji ikapandishwa. Hiyo ina kumbukumbu, wajumbe wa nchi mbili huja, hotuba zinatolewa kwa Kireno na Kiswahili, na wenyeji wanastahili kila neno la shukrani linalotamkwa siku hiyo.

Lakini mwezi huo huo wa Mei 1975, katika kambi hiyo hiyo, kulikuwa na tukio jingine. Uria Simango, mchungaji wa kanisa na aliyewahi kuwa makamu wa rais wa FRELIMO, aliletwa mbele ya umati akasomeshwa ungamo la usaliti. Pamoja naye walionyeshwa hadharani wapinzani wengine, akiwemo Lázaro Kavandame, mzee wa Kimakonde kutoka Cabo Delgado aliyewaongoza watu wake mwanzoni mwa vita, na Padri Mateus Gwengere. Baadaye waliuawa huko Msumbiji bila kufikishwa mahakamani, na familia hazikupewa tarehe ya kifo wala kaburi la kufagia. Kwa mtu wa kusini, anayejua maana ya arobaini na ya kutaja majina kwa mpangilio, hilo ni jeraha kubwa kuliko kifo chenyewe. Ardhi moja, mwezi mmoja, matukio mawili. Dola ilichagua moja likawa sikukuu. La pili limeachiwa watoto wa marehemu, na hao hawana bendi.

Katika miaka hiyo watu wa Lindi na Mtwara wenyewe walikuwa wakihamishwa. Vijiji vya ujamaa vilianzishwa kusini mapema kuliko mikoa mingi, kwa sababu vita ya Msumbiji ilikuwa mpakani, na baada ya tamko la Novemba 1973 kuhamia vijijini kukawa amri kwa kila mtu. Nyumba zilipangwa kwa mistari kando ya barabara. Mkorosho hauhamishiki. Ulibaki kule kwenye mahame, maili kadhaa kutoka nyumba mpya, moto wa kiangazi ukaupitia na nyasi zikaumeza. Mavuno ya korosho nchini yalikuwa takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74. Kufika katikati ya miaka ya 1980 yalishuka chini ya tani 20,000. Ugonjwa wa ubwiri unga ulichangia, na bei ndogo aliyolipwa mkulima ilichangia, lakini wazee wa Mnero na Nkowe wanapolisimulia hili huanza na safari ya miguu kati ya nyumba na shamba. Kwenye mahame hayo kulibaki pia makaburi. Amri hiyo ya kuhama, Operesheni Vijiji, ilitimiza miaka 50 mwaka 2023, na hakuna aliyefunua jiwe.

Tabia hiyo ya kuamua bila kuwauliza wenyeji haikuisha na ujamaa. Novemba 2018, wafanyabiashara walipotaja bei ndogo, Rais John Magufuli aliagiza jeshi linunue korosho zote kwa Sh 3,300 kwa kilo. Bei ilifurahisha masikio. Kisha ukaja uhakiki: wenye mzigo mkubwa wakafuatwa waonyeshe mashamba, waliotuhumiwa kwa kangomba, yaani ulanguzi wa korosho, wakanyimwa malipo, na wakulima wengi wakasubiri fedha miezi mingi huku ada za shule zikidai. Kwenye ngazi ya ukoo swali la nani ana mikorosho mingapi lingejibiwa na bibi mmoja aliyekaa barazani. Dola ilihitaji askari na fomu, kwa sababu haimjui mtu yeyote kwa jina.

Wapo watakaosema utawala wa jadi unapambwa. Wana haki ya kusema, na ukweli usemwe wote. Machemba, mtawala wa Kiyao wa nyanda za Wamakonde, alipoandikiwa mwaka 1890 na Mjerumani Hermann von Wissmann aje pwani kujisalimisha, alijibu kwa barua ya Kiswahili yenye adabu na ujasiri: kwa urafiki yuko tayari, ila kuwa chini ya mwingine haoni sababu, na mwenye nguvu na aje. Alipigana miaka mingi kabla ya kuvuka kwenda Msumbiji mwaka 1899. Ni barua ya mtu huru. Mtu huyo huyo aliishi kwa misafara ya pembe na watumwa, na waliofungwa kwenye misafara hiyo nao walikuwa na majina na akina mama. Wapo pia majumbe waliokaa upande wa mwenye bunduki na kuchapa watu wao kwa ajili ya kodi. Hakuna taji safi. Tofauti iko kwenye urefu wa mkono. Mkono wa Machemba uliishia mahali watu walipoamua kuhama, ila mkono wa serikali ulimfikia kila mtu, kutoka Kilimarondo hadi Mandawa, msimu mmoja wa kiangazi.

Hata Majimaji, vita iliyopita humu 1905 hadi 1907 na kuacha njaa iliyoua wengi kuliko risasi, imechukuliwa. Kila tarehe 27 Februari, huko Songea, taifa hukumbuka mashujaa walionyongwa 1906, na husimuliwa kama waliokufa kwa ajili ya Tanzania ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeisikia. Mmoja wa walionyongwa, Nduna Songea Mbano, alikufa kwa ajili ya Wangoni na kwa ajili ya heshima ya cheo chake. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba radhi, akakutana na kizazi cha Nduna Songea. Serikali zilizungumza ushirikiano na makumbusho. Familia iliuliza jambo moja: kichwa cha babu kiko wapi? Swali hilo lina historia nzima ndani yake, na aliyeliuliza ni ukoo.

Dola nayo inajua inachokosa. Septemba 2021, Kisesa mkoani Mwanza, machifu walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan kwa jina la Chifu Hangaya, na akavaa vazi la kichifu kwa furaha iliyoonekana.  Ruangwa, kwa upande wake, ilikuwa na Waziri Mkuu wake kwa miaka kumi, Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wake kuanzia 2010 hadi 2025. Uwanja ambao klabu ya Namungo inachezea mpira una jina lake. Watu walimwita mtoto wa nyumbani, wakampelekea shida za barabara na maji kama wanavyompelekea mjomba mwenye uwezo. Wanasiasa wa mjini huweza kuona hapo ushamba. Ni akili ya zamani sana, inayojua kwamba cheo kisicho na kwao hakina aibu.

Majirani wamekwisha kurudi nyuma hatua moja. Uganda ilifuta falme zake mwaka 1967, na mwaka 1993 Kabaka Ronald Mutebi wa Buganda akatawazwa. Buganda haikusambaratisha nchi. Msumbiji yenyewe, iliyowafuta watawala wa jadi mara baada ya uhuru kwa mawazo yaliyofundishwa Farm 17, ilitoa amri mwaka 2000 ya kuwatambua tena viongozi wa jamii vijijini. FRELIMO ile ile. Ilichukua miaka 25 na vita ya wenyewe kwa wenyewe kukubali kwamba kijiji hakiendeshwi kwa katibu wa chama peke yake.

Halmashauri za Ruangwa na Nachingwea hazihitaji sheria mpya ili kuanza. Safari ijayo kitambaa kitakapoandaliwa, waitwe wazee wa ukoo wenye eneo lile kabla ya fundi wa marumaru hajaitwa, na majina yao, ya waliotoa ardhi na ya waliozikwa pale, yachongwe juu ya jina la mgeni. Na mahame ya 1974 yapimwe, makaburi yake yaorodheshwe, kila ukoo ukabidhiwe yake. Waliohamishwa wakiwa vijana wa miaka 20 sasa wamepita 70, na wanaoweza kuonyesha kaburi la nani ni lipi wanapungua kila mwaka.